Ilibaki Mara Moja: Miaka Yangu ya Kudezone DVD pale Kadutu

Niko na miaka thelathini na moja, meno yangu yote iko mu kinywa, mutoto wangu wa mwisho ameanza tu kutambaa, na niko retraitée, mustaafu kabisa. Musicheke. Mimi sikuacha kazi, ni kazi iliniacha. Ilikufa mbele ya macho yangu, na mimi nikaanza kuuza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa. Ningeendelea kunyamaza kama juma lililopita kijana mumoja fundi wa telefone hangenichokoza.

Nilikuwa nimemupelekea telefone yangu yenye kioo kilipasuka. Mama mumoja akapita, akanisalimia: "Mama Zoni, habari?" Kijana akauliza zoni ni kitu gani. Watu wa pale wakamuelezea kwamba zamani nilikuwa nafungua mashini za DVD zenye zilikataa CD za Bulaya. Yule mutoto, hata ndevu hajaota, akacheka mpaka tournevis, bisibisi yake, ikamuanguka. "Kubonyeza telekomande njo kazi?" Mbele ya Ashuza wangu, mwenye miaka kumi na mbili! Ashuza, ambaye daftari zake zote za shule ya msingi zilitoka mu ile telekomande!

Nilichukua telefone yangu na kioo chake nikaenda zangu. Mpaka leo imepasuka. Basi, wewe kijana, na wenzako wote munaojifunza ufundi kwa kuangalia video za dakika mbili, kaeni chini niwaambie ile kazi ilikuwa nini.

Kwanza zoni. Watu wanaouza filme waligawa dunia vipande, wakapa kila kipande namba. Amerika na Kanada, moja. Ulaya, mbili. Sisi huku, tano, tumefungwa kamba moja na Warusi na Wahindi. CD ya dukani, sisi kila sahani ya DVD tuliita CD, ilikuwa na namba yake, imechorwa nyuma ya kifuniko ndani ya kadunia kadogo, na mashini nayo ilibeba namba yake mu tumbo. Namba zikifanana, filme inaanza. Zisipofanana, screen inakuandikia maneno ya adabu, maana yake: rudi kwenu.

Nikifikiria hii mpaka leo damu inapanda. Nani alipanda Kadutu kutuuliza? Na mu miaka yote nilifanya ile kazi, sikuona hata siku moja CD ya dukani yenye namba tano. Walitupa chumba mu nyumba yao, bila kitanda, bila mulango, halafu wakafunga na ufunguo.

CD za sokoni hazikutusumbua. Zile zilikopiwa, hazina namba, zinaingia popote. Shida ilikuwa vitu vya ndugu zetu wa ng'ambo. Mutu iko Ubeljiji anawatumia wazazi mashini nzuri nyeusi, mwingine iko Kanada anatuma CD, na vile vitu viwili vikikutana mu salon ya Bagira ao ya Panzi, hapa hapa Bukavu, vinatazamana kama wake wenza. Hapo njo walituita. Wafaransa wanasema "dézoner", sisi tukasema kudezone, na kazi ikapata jina.

Mimi niliingia mu hii kazi juu ya njaa. Nilimaliza humanités, shule ya sekondari, na diploma mu mukono mumoja na tumbo mu mukono mwingine. Papa ya Ashuza alienda Kamituga kutafuta zahabu. Zahabu sijui kama alipata. Muke mwingine alipata haraka sana. Basi nikamufunga mutoto mu mugongo nikashuka kwa Tonton Mugisho, ndugu ya mama yangu, mwenye alikuwa na meza moja chini ya bati, pembeni ya njia inayoteremuka ku soko ya Kadutu. Alitengeneza radio, televizyo, pasi, kila kitu chenye kamba. Nilimuambia nataka kazi. Akaangalia mimi, akaangalia mutoto.

"Huyu naye anatafuta kazi?"

"Huyu atalala."

Hakulala. Alilia miezi tatu, na Tonton akasema ni mashini moja tu yenye hakuwahi kupata namba yake ya siri.

Mashini nyingi zilikuwa hivi: unafungua droo ya CD, unaiacha tupu, unapiga namba za siri ku telekomande kwa mufuatano, na mu kona ya screen kunatokea kanamba kadogo. Ile njo zoni. Unageuza, unafunga droo, umemaliza. Rahisi, eh? Lakini kila aina ya mashini ilikuwa na namba zake za siri, na hakuna mutu alikuletea. Nilienda mu cyber na bic na carnet, Ashuza mu mugongo ananivuta nywele, nikanakili kwa mukono. Nusu ya zile namba zilikuwa uongo. Zile za kweli ulizijua kwa kujaribu, na kujaribu mashini ya mutu, mutu mwenyewe amesimama pale anakuangalia vidole, si muchezo. Mashini za Chine hazikuwa na kiburi, ziliingia zero, ambayo ni zoni zote, zikakubali kila kitu. Zile za Ulaya zilinuna.

Na kuna zenye hazikuwa na namba za siri kabisa. Zile ulizichomea CD ya pekee, ukatia, mashini ikajisoma upya kuanzia mwanzo. Umeme ukikatika kati kati, mashini imekufa, peleka kwa mazishi. Na munajua umeme wa Bukavu. Tonton alikuwa na dawa yake. Chini ya njia kulikuwa kinu cha umeme cha kusaga mihogo. Mbele ya kutia ile CD aliinua kidole: "Sikiliza kinu." Kinu kikiimba kwa sauti moja, tunaanza. Kikianza kuguna kama mutu mwenye tumbo inauma, hatugusi kitu, tunakunywa chai. Sikuona mahali popote pameandikwa hiyo. Video yako ya dakika mbili haijui kinu.

Ao rangi. Mutu anarudi na hasira: "Mama Zoni, umeua rangi! Bibi arusi iko mweusi na mweupe, na anazunguka juu chini kama nguo inafuliwa!" Hapana, papa. Zoni imefunguka, ni televizyo yako haielewi picha za Amerika, kuna fasi ingine ya kubadilisha mu menu. Niliitwa mwizi mara ngapi juu ya rangi! Ao zile CD chache za Amerika zenye zilichukia zero. Ziliingia, zikapima mashini, zikaona eti hii inajifanya ya kila mahali, zikachora ramani ya dunia ku screen zikagoma. Siku ya kwanza nilitaka kupiga ile mashini kofi. Tonton akasema, "Usijitape kwamba uko wa fasi yote. Mwambie uko wa kwao." Nikaweka moja kamili. Ikafungua mara hiyo.

Kucheka nako tulicheka. Siku moja papa mumoja alitoka Luvungi, vumbi la barabara mpaka mu kope. Akaweka kamufuko ku meza, akatoa telekomande. Peke yake.

"Mama, nimeileta. Fungua."

"Papa, mashini iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Sasa nifungue nini?"

"Si njo hapa munabonyezaka?"

Tonton akaingia chini ya meza eti anatafuta vis, skrubu, imepotea. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Yule papa akatuelezea, tena kwa heshima yote, kwamba telekomande haiachike nyumbani. Inakaa mu mufuko wa shati yake, batoto wasiangalie televizyo wakati hayupo. "Hata mu shamba ya muchele inaendaka. Hata ku misa." Nilimuandikia zile namba mu karatasi, nikamufundisha hapo hapo na mashini ya mutu mwingine, akajaribu mara tano, ulimi nje kama mutoto wa première, mwaka wa kwanza wa shule. Juma lililofuata akatutumia muchele na neno moja: imefunguka. Yule baba ni mwanafunzi wangu wa kwanza, na mpaka leo njo bora kuliko wote, juu alisikiliza.

Sasa nifike ku kosa yangu. Mafundi wengi wakizeeka wanasimulia tu zile walishinda. Mimi sijazeeka, nitasema.

Bagira kulikuwa muzee mumoja, Muzee Ntakwinja, zamani fundi wa mabomba, miguu imekwisha lakini mudomo muzima, na muke wake Maman Nabintu, kafupi, mukali kama pilipili ya kwetu. Walikuwa na watoto wawili ng'ambo. Furaha, musichana wao, iko Ubeljiji. Alikuwa ameolewa kule na akawatumia mashini ya DVD pamoja na CD ya harusi yake. Kaka yake Murhula iko Kanada. Alikuwa amepata mutoto wa kwanza, akamupa jina ya baba yake, Ntakwinja, akatuma CD ya ubatizo. Kawaida CD za familia hazina namba. Lakini hizi mbili zilitengenezwa na studio zenye zilijiona kubwa, zikafunga. Harusi ilikuwa mbili kama mashini. Ubatizo ulikuwa moja.

Nilienda. Nikatafuta zero, ile mashini haina zero. Nikaweka moja. Muzee akaona mujukuu mwenye jina yake anamwagiwa maji ku kichwa, analia kwa nguvu, na muzee akapiga paja: "Sauti ni yangu!" Wakaniletea bugali na kuku. Nilikuwa nanyonyesha, njaa yangu ilikuwa na njaa yake. Nilikula mpaka mfupa.

Juma lililofuata, ndugu za Maman Nabintu walikuja kuangalia harusi. Mashini ikakataa, sababu sasa ilikuwa moja. Wakaniita. Nikarudisha mbili. Kuku. Kisha ukoo wa muzee ukakuja kuona mutoto. Wakaniita, nikaweka moja. Samaki, ndizi. Kisha wakwe wa Furaha wa upande wa huku wakafika juu ya harusi. Nikaweka mbili. Kuku tena, na matembele yenye mafuta ya ngazi, mawese yetu mekundu. Niliipenda ile nyumba! Nilikuwa nikipanda Bagira naimba.

Na kila mara, mu kona ya screen, pembeni ya zoni, kulikuwa kanamba kengine kadogo. Mara ya kwanza kalikuwa nne. Kisha tatu. Kisha mbili. Kisha moja. Nilikaona. Sikukauliza kitu.

Mara ya tano, muzee amevaa koti, wageni wamekaa, nikapiga namba za siri, na safari hii screen ikaandika sentensi nzima kwa Kifaransa: hii itakuwa mara ya mwisho kubadilisha. Kidole changu kikabaki mu hewa.

"Kuna nini?" muzee akauliza.

"Piles, betri," nikasema. "Piles za telekomande zimekufa."

Nikatoka mbio na njaa yangu.

Tonton hakunipigia kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alifungua carnet yangu ku ukurasa wa ile mashini. Aina, iko. Namba ya nyuma, iko. Zoni, iko.

"Na hii kanamba kengine?"

"Nilifikiri..."

"Ulifikiri nini?"

"Sikufikiri, tonton. Kulikuwa kuku."

Akafunga carnet. Akaniambia kuna mashini zenye zinakubali kubadilishwa mara tano tu. Kisha zinakaa pale mpaka kufa. Yeye alishajaribu kuzifungua tumbo mara mbili na zote mbili alizizika. "Nilikuambia siku ya kwanza: andika kila kitu screen inasema, si kile unapenda. Kesho utapanda Bagira, utawaambia."

"Twende wote, tonton."

"Mimi nilikula ile kuku?"

Nilipanda peke yangu na Ashuza mu mugongo, siimbi. Nikawaambia yote, hata piles. Muzee akauliza pole pole, "Maana yake nini?"

"Maana yake, muzee, nikiweka moja, mutaona mutoto, lakini harusi ya Furaha hamutaiona tena mu hii mashini. Nikiacha mbili, harusi inabaki na mutoto anaenda. Ni kuchagua mara moja."

"Weka ya mutoto," muzee akasema. "Harusi imekwisha, batu balikula, balirudi kwabo. Mutoto anaanza."

"Mutoto utamuona siku atakuja!" Maman Nabintu akaruka. "Harusi itarudia? Furaha ataolewa tena juu yako?"

"Ule mutoto iko na jina yangu."

"Na mashini iko na jina ya nani? Ni Furaha aliituma. Murhula alituma nini? CD moja na barua ya kuomba majani ya sombe kavu!"

Nilitamani udongo ufunguke unimeze. Parseli yote, kiwanja chao na majirani, ikagawanyika. Majirani wa mulango wa kushoto walikuwa watu wa ubatizo, wa kuume watu wa harusi, na kila mumoja akinikuta ku robinet ya maji ananieleza sababu zake kama mimi ni juge, hakimu. Mutasema mashini ya Chine ya zero ingemaliza yote. Najua! Lakini ile nyumba haikuwa na uwezo, mimi pia hapana, na zile zenye zilijaa ku meza ya Tonton zilikuwa za watu. Nikamuambia muzee, basi shuka siku moja Kadutu, nitakutilia CD yako palepale.

Akaniangalia kama nimetukana. "Niende kuangalia mujukuu wangu mu soko, kama filme ya kulipia? Mutoto atanikuta kwangu."

Mashini ilibaki mbili, na Maman Nabintu, kwa kisirani, alitia harusi kila siku. Muzee aliposikia tu orgue, kinanda ya kanisa, inaanza, alichukua fimbo akatoka nje. Nilimukuta pale ku kiti, CD ya Kanada mu mikono, anaigeuza kwenye jua, anaangalia ule upande unaong'aa. "Mama Ashuza," aliniuliza, "huyu mutoto iko humu ndani kweli?" Nikasema ndiyo, muzee, iko. "Na miguu yangu hii, unafikiri nitafika Kanada?" Nyinyi wenye kusema ni kubonyeza telekomande, mungemujibu nini? Nilienda kulia nyuma ya jiko yao, kisha nikakasirika, juu mimi nikilia lazima nikasirike nyuma yake.

Siku ya dimanche, Jumapili, nilirudi kusema nataka wachague, siwezi tena kubeba ile kitu. Salon ilikuwa imejaa. Jirani mumoja, mwenye kujifanya mufalme Salomo, akatoa shauri: Murhula naye atume mashini yake ya zoni moja. Zikae mbili pale ku meza, mama aangalie yake, muzee yake.

Maman Nabintu akasimama. "Mashini mbili? Ya Furaha huku, ya Murhula kule? Nilizaa batoto babili mu nyumba moja, na kitanda kimoja, na sahani moja. Sitabagawa juu ya namba." Kisha akanigeukia. "Wewe, Mama Ashuza. Sisi hapa tuko namba gani?"

"Tano, maman."

"Hii mashini ilishawekwa tano?"

"Hata siku moja."

"Basi, weka tano."

"Nabintu!" muzee akapiga fimbo chini. "Hakuna CD ya tano! Utatupotezea yote mbili!"

"Batatafuta. Mimi nilibazaa hapa Bagira. Kama banataka kuingia mu nyumba ya baba yabo, batumie namba ya baba yabo."

Muzee aliangalia muke wake kwa muda murefu, vile mutu anaangalia mutu mwenye amekaa naye miaka arobaini na anamuona leo. "Weka," akasema.

Nilifungua droo. Nikapiga namba za siri. Nikageuza mpaka tano, lakini kidole cha mwisho kilikataa kushuka. "Muzee, nikibonyeza, hakuna kurudi."

"Ulibonyeza mara ine bila kutuambia. Hii moja njo unaogopa?"

Salon yote ikacheka, na mu kile kicheko nikabonyeza. Tano. Pembeni, kanamba kengine kakawa zero. Maman Nabintu akachukua telefone hapo hapo, akaita Kanada, sauti yote nje.

"Murhula, nyumba yetu sasa iko tano. CD yako haiingie tena."

"Maman, tano ni nini?"

"Ni sisi."

Nilichukua telefone nikamueleza: warudi ku zile studio, waseme watengeneze upya bila namba, ao na namba tano, moja ya hayo. Akasema sawa. Furaha naye akasema sawa. Lakini "sawa" ya mutu wa ng'ambo munaijua. Wana kazi, wana baridi, wana mambo. Ile miezi ndiyo ilinizeesha. Nikipanda Bagira, muzee aliinua tu uso. Nikatingisha kichwa, akashusha. Nilijiambia, kama wale watoto wakichoka, mimi njo nimefunga mulango, wote wawili nje, wazazi ndani. Kutoka siku ile, carnet yangu iliandika mpaka vumbi la mashini. Kwa hiyo, kijana wa telefone, ukiona kitu kadogo mu kona ya screen na hukielewi, ondoa mukono. Uliza. Hata kama kuku inanukia.

Mvua zilikwisha, jua likaanza, na siku moja mutu aliyetoka Ubeljiji akaleta bahasha. CD moja. Moja tu! Nikafikiri mumoja wao amekataa. Lakini ndani kulikuwa karatasi ya Furaha: Murhula alikuwa amemutumia ubatizo, na yeye akapeleka vyote viwili ku studio, wakaviunganisha. Hakuna namba. Inaingia popote.

Dimanche mchana, wakakuja wa kushoto na wa kuume. Nikatia CD. Droo ikajifunga, mashini ikafikiri, ikafikiri, mimi nimeshika mbavu za Ashuza mpaka akalia. Kisha orgue. Furaha anaingia kanisani. Maman Nabintu hakuangalia screen, aliangalia mulango, kuona kama muzee atatoka; lakini muzee hakuchukua fimbo. Alikaa harusi yote, mikono ku magoti, hata ile saa nzima ya kukata keki. Kisha maji, kichwa, kilio. "Sauti ni yangu," akasema, polepole safari hii.

Tukafikiri imekwisha. Nilikuwa tayari nanyoosha mukono kuizima. Lakini picha ingine ikafunguka, yenye hakuna mutu alituambia: nje, theluji, na kamutoto ndani ya koti kubwa kuliko kenyewe, kanatembea. Kanaanguka, kanasimama, kanakuja moja kwa moja mpaka uso wake ukajaza televizyo yote. Sauti ya Murhula ikamuambia nyuma asalimie babu yake: "Salimia koko."

"Jambo, koko."

Muzee Ntakwinja akasimama. Bila fimbo. Akatoa kofia, akaiweka ku kifua, akapiga hatua mbili, mukono mbele, vile unapokea mugeni ku mulango wako.

"Jambo, Ntakwinja," akasema. "Karibu kwetu."

Kisha sauti ya Maman Nabintu ikatoka nyuma:

"Kaa chini, muzee. Unatuficha mutoto."